Rejista ya Darasa la Tatu

Kwetu milimani, juu ya Kyarumba,
jina la mtoto ni hesabu.
Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale,
Masereka wa tatu, Kule humfuata.
Msichana wa kwanza Masika, kisha Biira,
kisha Kabugho, kisha Mbambu,
na Ithungu, anayezaliwa mama akiwa keshachoka.

Basi ukitaka kujua sheria ilifanya nini
usihangaike na gazeti.
Fungua rejista.

Hii ni ya zamani, jalada limeliwa na mende.
Ada ilikuwa kahawa gunia zima, au mbuzi.
Soma: Baluku, Baluku, Bwambale,
Baluku, Masereka, Baluku.
Masika mmoja tu, binti wa karani wa ushirika.
Jumla ishirini na tisa.
Kabugho hayumo. Mbambu hayumo.
Walikuwa hai, niliwaona kila asubuhi
wakishuka na kuni, nami napanda na chaki.

Hii ni ya mwaka wa sheria. Kurasa hazikutosha,
nikashonea daftari jingine kwa uzi wa gunia.
Masika kumi na mmoja. Biira tisa.
Kabugho saba, na wote saba wakaitika.
Ithungu alikuja ana miaka kumi na miwili,
akakaa na wa miaka minane, magoti yakigusa kidevu,
akashika penseli kama kisu cha kumenyea muhogo.
Siku alipoweza kuandika jina lake
aliliandika ukutani, mlangoni mwa choo,
kwenye jani la mgomba,
na mimi, mlinzi wa ukuta, nikasahau kumkemea.

Kwa hilo nakubali. Hata leo nakubali.

Lakini benchi lina urefu wake.
Watoto mia moja ishirini na sita, dirisha moja,
kitabu kimoja vichwa saba.
Bwambale mmoja, aliyezoea kukaa upande wa pili,
alijifunza kusoma maneno yakiwa miguu juu;
ukimgeuzia kitabu sawasawa, anakwama.
Sheria inasema asirudie darasa. Akapanda hivyo hivyo
la nne, la tano, mpaka la saba,
na huko mtihani ukamgeuzia kitabu.

Sheria inasema mzazi asidaiwe.
Nikaomba kikombe cha mahindi, tupike uji.
Baba yake Thembo akacheka:
“Mwalimu, bure ni bure. Redio ilisema bure.”
Saa nane mchana nauliza saba mara sita,
najibiwa na matumbo.
Fedha za serikali hufika muhula umekwisha,
mvua juu ya mabua.
Fimbo nayo iliondolewa. Sikuililia,
ingawa mwezi mzima mkono wangu
haukujua pa kukaa.

Mkaguzi aliniletea fomu:
Sheria imefaa? Ndiyo. Hapana.
Chini yake mistari miwili ya maelezo.
Mistari miwili!
Niliandika “chaki imekwisha”, nikatia sahihi.

Sikuandika kwamba wajukuu wa yule karani
wanasoma Kasese mjini, sare za zambarau, basi mlangoni,
wala kwamba mwalimu mkuu wetu ana wawili huko.
Nami nina mmoja.
Kila alfajiri humfunga kamba za viatu vyake,
kisha napanda mlima kufundisha wa wenzangu.

Januari hii Ithungu alikuja na binti yake,
wa kwanza, kwa hiyo jina halikuulizwa.
Akaniomba kalamu, akaandika mwenyewe
MASIKA, herufi kubwa, akavuka mstari.
Akatazama ndani ya darasa kwa muda mrefu.
“Mwalimu, watakaa wangapi benchi moja?”
Nikamwambia ukweli.
Hakusema neno, akashuka zake.

Kesho yake mtoto alifika akihema,
kigoda kichwani.